Majitaka yaliyosafishwa hubeba nini? BOD pekee haitujibu

Mabogini, kusini kidogo ya mji wa Moshi, majitaka ya mji hupitia mfululizo wa mabwawa kisha huingia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Kwa mkulima maji hayo ni neema: yapo hata kiangazi, tena yanakuja na mbolea yake. Nayaunga mkono matumizi hayo kwa moyo wote, maana kuyamwaga mtoni na kuyasahau ni ufujaji. Lakini kuna swali ambalo mijadala yetu ya kutumia upya majitaka hulipita haraka mno. Maji yanapotoka bwawa la mwisho, vile vichafuzi ogani ambavyo havikuharibiwa njiani, yaani mabaki ya dawa za hospitali, viuatilifu, kemikali za sabuni na masizi ya mafuta, vimo katika hali gani? Vinaelea peke yake ndani ya maji, au vimeshikamana na kitu kingine?

Jibu ndilo huamua kama kichafuzi kitaingia kwenye mzizi, kitabaki kwenye udongo wa juu, kitashuka hadi kisima cha jirani au kitapita kwenye chujio la mkaa bila kuguswa. Huamua hata kama maabara itakiona.

Vipimo tulivyozoea haviligusi swali hili. Kanuni za Tanzania zinataka majitaka yanayotolewa kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita na COD ya miligramu 60; Kenya inataka 30 na 50. BOD ni hewa ya oksijeni ambayo bakteria wataitumia kwa siku tano wakila uchafu uliobaki. Kipimo hicho kilitungwa kulinda mito isikose hewa, na kazi hiyo kinaifanya vizuri. Ila yale ambayo bakteria wameshindwa kuyala hakiyaoni. COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu kwa kemikali, huyahesabu, lakini huyachanganya yote katika tarakimu moja. Na hayo yaliyoshindikana kuliwa ndiyo yenye kazi kubwa ya kubeba vichafuzi.

Chukua maji ya bwawa la mwisho, yapitishe kwenye utando wenye vitundu vya mikromita 0.45. Kinachobaki juu wataalamu hukiita chembe, kinachopita hukiita kilichoyeyuka. Mpaka huo ni wa makubaliano tu, kwa sababu ndani ya maji yaliyopita mna molekuli kubwa kubwa nyingi zilizojikunjakunja, nyingine zikiwa na ukubwa wa maelfu ya atomi. Hayo ndiyo mabaki ogani yaliyoyeyuka. Kwenye majitaka yaliyosafishwa yana asili mbalimbali: asidi za humiki na fulviki, yaani mabaki ya mimea iliyooza, zilizokuja na maji ya bomba tangu kwenye chanzo chake milimani, vipande vya seli za bakteria waliofanya kazi ya kusafisha wakafa, protini na sukari zilizovuja kutoka kwao, sabuni, na kwenye mabwawa ya nchi za joto, majimaji yanayotolewa na mwani. Ukiyatazama kwenye glasi nyeupe utaona unjano hafifu. Kiasi chake hupimwa kwa kaboni: kwenye mitambo mizuri huwa miligramu 5 hadi 20 za kaboni kwa kila lita.

Kwa nini DDT, ile dawa ya kuua wadudu, au pairini, kemikali ya masizi, ishikamane na vitu hivyo? Sahani iliyojaa mafuta ukiisuuza kwa maji matupu, mafuta yanabaki. Ukitia sabuni yanaachia, kwa kuwa ndani ya sabuni yamepata mahali pasipo na maji. Molekuli za humiki zina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia, na hizo za pili, hasa zenye pete za kaboni, ndizo zinazovikaribisha vichafuzi vinavyokimbia maji. Mwaka 1982 Carter na Suffet wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walilionyesha jambo hili kwa DDT kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifuata. Unatia humiki ndani ya mfuko wa utando ambao molekuli kubwa haziwezi kutoka, unauning'iniza ndani ya maji yenye DDT, unasubiri hadi mambo yatulie. DDT hupenya utando ikiingia na kutoka. Mwishoni ukikuta ndani ya mfuko kuna DDT nyingi kuliko nje, ile ziada ndiyo iliyoshikwa. Miaka minne baadaye Cary Chiou na wenzake walionyesha kwamba humiki huongeza kiasi cha DDT kinachoweza kuyeyuka majini, ilhali kwa lindani, kiuatilifu ambacho hakikimbii maji kwa kiwango kile, athari haikuonekana.

Nguvu ya kushikana huelezwa kwa tarakimu moja: kilo moja ya kaboni iliyoyeyuka inashika kichafuzi sawa na kile kilicho huru ndani ya lita ngapi za maji. Tufanye hesabu pamoja, maana uzito wa hoja yangu uko humo. Chukulia maji yenye miligramu 20 za kaboni kwa lita, na kichafuzi chenye tarakimu ya lita 100,000 kwa kilo, kiwango cha vile vinavyokimbia maji sana. Zidisha: miligramu 20 ni kilo 0.00002, mara 100,000, unapata 2. Maana yake kwa kila sehemu moja iliyo huru, sehemu mbili zimeshikwa. Theluthi mbili ya kichafuzi haiko huru. Sasa chukua kichafuzi kingine chenye tarakimu ya 1,000. Unapata 0.02, yaani takriban asilimia 2 tu ndiyo iliyoshikwa. Maji ni yaleyale, bwawa ni lilelile, na vichafuzi hivi viwili vina maisha tofauti kabisa.

Endelea na kile cha kwanza. Maji ya bwawa yakiingia mtoni na kuchanganyika na maji safi hadi ujazo wake uwe mara nne, kaboni inashuka hadi miligramu 5 na hesabu inatoa 0.5. Sasa theluthi mbili iko huru, theluthi moja imeshikwa. Kichafuzi kwa jumla kimepungua mara nne, lakini kile kilicho huru, ambacho samaki anakivuta kwa matamvua yake, kimepungua mara mbili tu, kwa kuwa humiki zimekiachia. Kila mara ninaposikia mtu akitetea utoaji wa majitaka kwa kusema mto utayachanganya hadi yasidhuru, hesabu hii ndogo hunijia. Kwa vichafuzi vya kundi hili, mto haupunguzi hatari kwa kiwango tunachojiambia.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina msingi. Mwaka 1985 McCarthy na Jimenez walionyesha kwamba samaki walioishi kwenye maji yenye humiki walinyonya benzopairini, ndugu wa pairini, kidogo kuliko walioishi kwenye maji matupu, kwa sababu kilichoshikwa ni kikubwa mno kupenya kwenye matamvua. Kwa hiyo kuna wanaosema: kama mabaki ogani yanakifunga kichafuzi, basi yanatulinda, tuache yawepo. Kwa yule samaki, siku ile, ni kweli. Ila kushikwa hakuharibu kichafuzi. Kunaahirisha safari yake tu, na mara nyingine kunaiharakisha. DDT huru ikimwagwa kwenye udongo hung'ang'ania tabaka la juu. DDT iliyoshikwa na molekuli inayosafiri na maji inaweza kushuka pamoja nayo. Kwenye Mto Nairobi mambo huenda mbali zaidi. Maji ya mabwawa ya majitaka ya Nairobi huko Ruai huingia mto huo, nao huungana na Athi, ambao huko chini huitwa Galana na kisha Sabaki, na hatimaye humwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Humiki zikikutana na chumvi ya bahari huganda na kuzama. Kichafuzi kilichosafiri nazo huzama nazo, palepale kwenye tope la mlango wa mto ambamo kamba na kaa hujilisha.

Hadi hapa nimezungumzia vichafuzi vinavyokimbia maji. Wengi hudhani kanuni hiyo inatosha: tazama kama kitu kinapenda mafuta kuliko maji, utajua kama kitashikwa. Kwa dawa za binadamu kanuni hiyo hupotosha. Siprofloksasini na tetrasaiklini, dawa za kuua bakteria, hupenda maji, kwa hiyo ungetarajia zibaki huru, lakini hushikwa kwa nguvu. Sababu ni umeme wa molekuli. Siprofloksasini ina ncha yenye chaji chanya, na humiki zimejaa chaji hasi, zikavutana. Tetrasaiklini hufungwa kwa daraja la kalsiamu au magnesiamu, madini yakishika dawa upande mmoja na humiki upande mwingine. Maji magumu na maji laini, kwa hiyo, hayatoi jibu moja. Kinyume chake ni salfamethoksazoli, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye zile tembe za Septrini ambazo watu wengi wanaoishi na VVU hupewa kujikinga na magonjwa nyemelezi. Kwenye maji ya bwawa dawa hii hubeba chaji hasi, kama humiki zenyewe, basi zinasukumana. Huyo atasafiri akiwa huru.

Mabwawa yetu yana tabia ambayo vitabu vya nchi za baridi haviipi nafasi. Mchana mwani hufyonza kaboni dayoksaidi kwa kasi kiasi kwamba pH (kipimo cha uasidi) ya maji ya juu hupanda, alasiri ikaweza kupita 9, halafu usiku hushuka. Sasa ile ncha chanya ya siprofloksasini hupoteza chaji yake pH inapokaribia 9. Triklosani, iliyotiwa kwenye sabuni za kuua vijidudu kwa miaka mingi hadi Marekani ikaizuia kwenye sabuni za kunawia mwaka 2016, hugeuka hasi pH ikivuka 8 hivi, na mshikamano wake hulegea. Kwa maneno mengine, maji ya saa 2 asubuhi na maji ya saa 10 alasiri kutoka bomba lilelile yanaweza kuwa na vichafuzi kiasi kilekile na dawa huru kiasi tofauti. Anayechota sampuli mara moja kwa mwezi, asubuhi, kwa sababu gari la maabara huja asubuhi, amepima hali moja tu kati ya nyingi.

Kuna dawa ambayo inanipa wasiwasi zaidi, na ni kwa sababu haishikwi sana na chochote. Kabamazepini ni tembe ya kifafa, ya bei nafuu, inayotumika dunia nzima. Bakteria wa mitambo ya majitaka karibu hawaigusi, na haina chaji ya kuvutwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliopima mito 258 katika nchi 104, uliikuta kwenye zaidi ya nusu ya vituo vyote, pamoja na metformini ya kisukari na kafeini. Israel, inayotumia upya karibu asilimia 90 ya majitaka yake, watafiti waliwagawia watu wazima 34 wenye afya mboga na matunda, kwa zamu, ya maji ya kawaida na ya majitaka yaliyosafishwa. Matokeo yalitoka 2016: baada ya wiki ya kula mazao ya majitaka, kabamazepini ilionekana kwenye mkojo wao. Kiasi kilikuwa kidogo mno ukilinganisha na dozi ya mgonjwa, na sina nia ya kumtisha mtu aache kula mboga. Lakini njia imethibitika, kutoka chooni hadi shambani hadi mwilini, na dawa iliyopita njia hiyo ni ile ambayo mabaki ogani hayakuizuia. Mmea huinyonya pamoja na maji, maji yanapaa kupitia majani, dawa inabaki kwenye majani. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba maji ya mabwawa yafaa zaidi mpunga, miti ya mbao na nyasi za bustani za barabarani kuliko mchicha na sukuma wiki.

Kenya nayo imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili ni la kwetu. Watafiti wamekuta dawa za kufubaza VVU, zikiwamo nevirapini, lamivudini na zidovudini, kwenye majitaka na mito ya Nairobi na Kisumu. Mafanikio makubwa ya afya ya umma yameacha alama yake majini. Hakuna atakayesema watu wapunguziwe dawa; mzigo ni wa wanaosafisha maji.

Hapo linaingia suala la mkaa. Kila nikisoma makala za utafiti kuhusu kusafisha maji kwa mkaa wa vifuu vya nazi, maganda ya mpunga au mabua ya mahindi, natafuta mstari mmoja kwanza: maji yaliyotumika kwenye jaribio yalikuwa yapi? Mara nyingi sana ni maji yaliyotoneshwa, yaani maji matupu ya maabara, yametiwa dawa moja, na matokeo ni asilimia 95 au zaidi. Peleka mkaa uleule kwenye maji ya bwawa. Mabaki ogani yapo kwa miligramu, kichafuzi kipo kwa mikrogramu au chini yake. Yale ya kwanza yanajaza vitundu na kuziba midomo yake, na kichafuzi kilichoshikwa na molekuli kubwa hakipiti tundu ambalo kingepita kikiwa peke yake. Mkaa uliotarajiwa kudumu miezi unachoka mapema. Windhoek, Namibia, ambako majitaka yamegeuzwa maji ya kunywa tangu 1968, wamejenga vizuizi kadhaa mfululizo: ozoni inazivunja kwanza zile molekuli kubwa, bakteria wanaoishi kwenye mkaa wanakula vipande, kisha unafuata mkaa wa kunasa kilichobaki. Kaboni iliyoyeyuka wanaifuatilia, kwa kuwa ndiyo inayowaambia kama mkaa bado una nafasi. Nguvu kazi ya kutengeneza mkaa tunayo, maganda ya mpunga yapo mpaka yanachomwa kando ya mashine. Kinachotukosesha majibu ya kweli ni kujaribia kwenye maji ambayo hakuna mji unaoyatoa.

Kosa la jamii hiyohiyo liko kwenye humiki za dukani. Mwaka 1986 Malcolm na MacCarthy walionya kwamba asidi za humiki zinazouzwa na kampuni za kemikali hazifanani na zile za majini. Zinashika vichafuzi kwa nguvu zaidi. Mabaki ya majitaka, na hasa yale yaliyotokana na mwani, yana pete za kaboni chache na nitrojeni nyingi, kwa hiyo huwa dhaifu kwa pairini na DDT ila yana tabia yake kwa dawa zenye chaji. Ukichukua tarakimu iliyopimwa kwa humiki ya chupa ukaiweka kwenye hesabu ya Mabogini, utapata jibu linalotuliza roho pasipo haki.

Hata maabara yenye mashine nzuri inaweza kupitwa. Kawaida sampuli huchujwa, kisha hupitishwa kwenye kijibomba chenye unga unaonasa vichafuzi, ndipo vioshwe na kupelekwa kwenye mashine. Kichafuzi kilichoshikwa barabara kinaweza kupita kijibombani pamoja na humiki zake na kumwagwa. Ripoti inaandika "haikugundulika". Njia ya kujilinda ni kutia kiasi kinachojulikana cha kichafuzi chenye alama inayokitofautisha na kile cha majini kwenye maji yaleyale ya bwawa, si kwenye maji yaliyotoneshwa, na kuangalia ni kiasi gani kinarudi. Jedwali la matokeo lisiloonyesha kiasi hicho lisikubaliwe na mamlaka yoyote.

Ninachodai hakihitaji mabilioni. Mashine ya kusoma mwanga wa urujuanimno ipo kwenye maabara nyingi za vyuo vyetu. Unachuja maji, unayamimina kwenye kichupa cha kwatzi, unasoma kiasi cha mwanga kilichofyonzwa kwenye nanomita 254. Kazi ya dakika chache. Pete za kaboni ndizo zinazofyonza mwanga huo, kwa hiyo ukigawanya usomaji kwa kiasi cha kaboni unapata kielelezo cha uwezo wa maji kushika vile vinavyokimbia maji. Kaboni yenyewe inahitaji mashine ya gharama zaidi, lakini kifaa kimoja cha kanda kinaweza kuhudumia mamlaka za maji kadhaa. Vipimo hivyo viwili viingie kwenye fomu ya kila mwezi kando ya BOD na COD, pamoja na pH na kalsiamu ya saa ileile. Sampuli zichotwe mara mbili kwa siku moja, mapema asubuhi na alasiri, kutoka sehemu tatu: bwawa la mwisho, mfereji unapoingia shambani, na kisima kilicho karibu zaidi na mashamba hayo. Kabamazepini na salfamethoksazoli zipimwe mara moja au mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, kwa kuwa hizo ndizo zitakazotangulia kufika kisimani. Na wakulima wapewe matokeo hayo kwa Kiswahili, wao wanaosimama ndani ya maji hayo tangu kupandikiza hadi kuvuna.